Ng'ombe Wanne na Turbo Moja

Gari lile lilinigharimu shilingi laki moja na elfu kumi na nane, ploti moja ya Yamumbi, na shemeji mmoja. Ploti imo tayari ndani ya hiyo laki, najua, maana niliiuza ndipo nikapata pesa. Lakini naihesabu tena kwa sababu niliipoteza mara mbili: siku niliyoiuza, na siku nilipopita pale nikakuta mtu amejenga nyumba za kupanga, kila mlango na mpangaji wake na kila mpangaji na jiko lake nje. Shemeji nimemweka mwisho kwa sababu bei yake hatujakubaliana mpaka leo.

Wakati huo nilikuwa nauza spea kuukuu katika kibanda cha mabati karibu na mto Sosiani. Ilikuwa miaka ya chama kimoja. Kadi ya chama uliibeba kama kitambulisho, maana vijana wa chama waliweza kukusimamisha mlangoni mwa soko na siku hiyo usiuze hata nyanya. Dola tulizisikia redioni tu. Spea mpya zilikuja kidogo kidogo na kuisha kabla hujafika mbele ya foleni, kwa hiyo karibu kila mwenye gari Eldoret alikuwa akiendesha vipande vya gari la marehemu fulani. Vipande hivyo vilipita mikononi mwangu. Kila kimoja nilikijua bei mbili: niliyonunulia, na niliyomwambia mteja kwamba nilinunulia.

Shemeji ninayemsema ni kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuwa fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa Munyaka, mwendo mfupi kutoka nyumba tuliyopanga. Juu ya meza ya spana alikuwa ametundika picha ya Mtukufu Rais ndani ya fremu ya kioo, kubwa kuliko ya posta, akiamini hakuna askari wa manispaa atakayethubutu kubomoa ukuta wenye picha ile.

"Hiyo si picha, shemeji," aliniambia. "Hiyo ni nguzo ya nyumba."

Nilimpenda. Niseme hivyo mapema, kwa sababu mbele huko sitapata nafasi. Sikuwa na kaka, na yeye alikuwa na dada watupu, kwa hiyo tulijaziana.

Kati yetu kulikuwa na ng'ombe wanne. Nilipoenda kuoa, wazee wao waliomba ng'ombe kumi na wawili. Mwoaji mwenyewe haruhusiwi kusema neno, lakini nilikaa nyuma ya baba yangu mdogo, na kila bei ilipokataa kushuka nilimfinya mgongoni. Tulishuka hadi wanane. Wanne nikawapeleka, wanne wakabaki. Kwetu magharibi hilo si deni la kukukosesha usingizi. Mwanamume halipi mahari yote akamaliza, hata akiwa na uwezo. Hubakisha kidogo ili njia kati ya nyumba mbili isiote nyasi. Mama mkwe alipokuja kututembelea alikuwa akiuliza mlangoni, kabla hata hajapewa kiti, "Na ng'ombe wangu wanaendeleaje?" Nami namjibu, "Wananenepa, mama." Basi tunacheka, anaingia, anakaa wiki tatu. Baba mkwe alikuwa ameshafariki, na aliyesimamia mambo yale kwa upande wao alikuwa shemeji. Miaka tisa hakunitajia hata mkia wa ng'ombe mmoja.

Gari lilikuja kupitia kwake. Mzungu mmoja, injinia wa kiwanda, alikuwa amemaliza mkataba na anarudi kwao, na alikuwa na gari la Kijapani la milango miwili, la chini, jekundu, ambalo shemeji alilitunza kwa miaka. Mzungu hakutaka kelele za wanunuzi. Alitaka kumwachia fundi wake. Shemeji hakuwa na pesa, mimi nilikuwa na ploti. Nikauza ploti, nikampa shemeji pesa mkononi, akalipa, na kitabu cha gari kikaandikwa jina lake. Kukihamisha kwangu kungekuwa na ada, na juu ya ada kungekuwa na mtu wa kodi wa kuniuliza muuza spea kuukuu amepata wapi pesa za gari la namna ile. Nikaona nimeokoa mara mbili. Tena, shemeji si ndiye mimi?

Asiyeishi huku juu hawezi kuelewa kwa nini tulitaka turbo. Hewa ya Eldoret ni nyepesi, na ukipanda kwenda Timboroa inazidi kuwa nyepesi, mpaka gari lililotamba Mombasa linafika kule likihema kama mzee kwenye ngazi. Injini inakula hewa. Ukiipunguzia hewa, inapunguza nguvu. Turbo ni pangaboi ndogo inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, ikashindilia hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo mwenye turbo mlimani ni kama mtu aliyepanda na hewa yake mfukoni.

Ya kwetu niliinunua kwa mwenye duka la matairi, mtu wa asili ya kaskazini ambaye malori ya ndugu zake yalikwenda mpaka Uganda na kurudi na kila kitu kilichoweza kufunguliwa kwa spana. Aliniwekea mezani kitu cha chuma kilichojikunja kama konokono.

"Huyu konokono ni ngapi?"

"Elfu ishirini na tano."

"Kwa konokono mmoja? Kwani ana mimba?"

"Ndugu yangu, huyu anapuliza. Walahi, ukimweka kwa gari, hata kivuli chako hakikufikii."

"Shafti yake imelegea. Tikisa uone."

Akatikisa. Haikuwa imelegea, na sote wawili tulijua. Lakini tayari nilikuwa nimeshuka hadi elfu kumi na nne na yeye amepanda kiti chake akiniambia nitoke dukani kwake. Nilitoka. Nilirudi. Nikatoka tena. Mara ya tatu aliniitia chai, na hapo nikajua kwamba anauza. Tulipeana mikono kwa kumi na tisa, kila mmoja akimlalamikia mwenzake kwamba ameibiwa, yaani bei ilikuwa ya haki.

Kufunga turbo kwenye injini ambayo haikuzaliwa nayo ni kazi ya kushona. Shemeji alikata bomba la moshi, akachomelea, akakata tena. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, aliifungia ndani ya kisanduku cha chuma alichokitengeneza mwenyewe, ili upepo wa turbo usitorokee pembeni. Pistoni tulipata za aina ngumu zaidi, gasketi ya kichwa tukaongeza ya pili. Hakunitoza kazi. Shemeji hamtozi shemeji. Mimi nilileta vipande, yeye akaleta mikono, na Jumapili baada ya kanisa tulikwenda kupima.

Namna yake ya kupima ilikuwa hii. Unapandisha mlima wa Timboroa gia ya tatu, mguu chini kabisa. Katikati ya mlima, injini ikiwa inalia, unakanyaga klachi na kuzima papo hapo, gari linaseleleka pembeni kimya kimya. Unafungua boneti, unatoa plagi moja, unaitazama rangi. Plagi ikiwa nyeupe, injini ina kiu: petroli ni kidogo, na ukiendelea hivyo pistoni itatoboka. Ikiwa nyeusi yenye masizi, imevimbiwa: petroli imezidi hewa. Rangi inayotakiwa ni ya chai ya maziwa. Tuliitafuta rangi hiyo zaidi ya mwaka. Petroli hupita kwenye kabureta kupitia jeti, vipande vya shaba vidogo kama punje ya mahindi, kila kimoja kina tundu katikati na namba ya ukubwa wa tundu imegongwa ubavuni. Kwa hewa ya kwetu unaweka jeti zenye tundu dogo. Kwa hewa nzito ya pwani unaweka kubwa. Mimi niliziuza, yeye alizibadilisha, na siku moja pale kando ya barabara, kwenye baridi, upepo wa msitu ukitupiga masikio, alitoa plagi akaigeuza juani na kunikabidhi kwa vidole viwili kama mtu anayekabidhi pete.

"Mwenyewe sema. Mimi sisemi."

"Chai," nikasema.

"Yenye sukari?"

"Yenye sukari, shemeji."

Tukacheka kama watoto. Tukateremka tukiwa tumefungua madirisha ili tusikie turbo ikipiga miluzi. Kwenye kizuizi cha barabara askari alitusimamisha na kuzunguka gari mara kadhaa.

"Hii kitu inapiga miluzi kwa nini?"

"Ni turbo, afande."

"Iko na leseni?"

"Gari iko nayo, afande."

"Sijauliza gari. Nimeuliza hiyo turbo." Alitega sikio kwenye boneti. "Mnakimbia wapi na kitu kama hii? Mnataka kupindua serikali?"

Tulimpa ya soda, akatuambia twende polepole, kisha akaomba tuondoke kwa nguvu ili asikie vizuri.

Kwa miaka miwili hakuna raha niliyoijua kama ile. Magari ya wakubwa, yale marefu meusi ya Kijerumani, yalikuwa yakipanda Timboroa na madirisha yamefungwa, na sisi tulipita kando yao tukipiga miluzi, muuza spea na fundi, tukiwa na mafuta chini ya kucha. Mke wangu alikuwa akisema gari lile lina kelele za mtu asiye na kazi. Lakini siku nilipompeleka kliniki akiwa mjamzito aliniambia nikanyage kidogo tu, mara moja.

Sasa nije kwenye zile jeti.

Siku moja shemeji alikuja kibandani kwangu, akachakura kopo la jeti, akachagua mbili kubwa kuliko zote.

"Hizi za nani?" nikamwuliza.

"Za mteja. Gari inashuka Mombasa."

"Mombasa kuna pesa. Lipa bei ya Mombasa."

"Shemeji, nipunguzie bana. Mimi ni wa nyumbani."

Tulivutana kidogo kwa desturi tu. Nikampunguzia, nikazifunga kwenye kipande cha gazeti, nikamwambia awasalimie watoto. Hakunidanganya hata neno moja. Hilo nimelirudiarudia kichwani mpaka limekuwa laini kama mpini wa jembe: alikuwa na mteja kweli, na gari lilikuwa linashuka Mombasa kweli.

Baada ya siku chache alilichukua gari akasema anakwenda kulibadilisha oili, akalirudisha jioni limeoshwa. Alhamisi nilikuwa na mtu Timboroa aliyetaka springi za lori, nikazitia nyuma nikaondoka asubuhi. Hapa mjini gari lilivuta vizuri, kwa uvivu kidogo. Nilipoanza kupanda likaanza kukohoa. Kufikia mlimani kwenyewe nyuma yangu kulikuwa na moshi mweusi kama wa jiko la mkaa lililomwagiwa mafuta, na lori la mahindi likanipita. Lori la mahindi! Utingo wake alinipungia mkono.

Nilisimama pembeni, nikatoa plagi. Nyeusi tititi, ina masizi ya kuandikia. Nikatoa ya pili, vilevile. Nikafungua kile kisanduku, nikafungua kabureta, nikatoa jeti na kuzisoma ubavuni. Namba zilikuwa zilezile nilizozifunga kwenye gazeti.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikiwa nimezishika kiganjani. Hakuna fundi wa huku juu anayeweka jeti za pwani kwenye gari la huku juu kwa bahati mbaya. Ni kama kumshonea mtu koti la saizi ya mwingine: ukiona mikono inaning'inia, hushangai koti, unajiuliza nani aliyepimwa. Kuna mtu Mombasa aliyepimwa. Gari langu lilikuwa limeshatengenezewa hewa yake, na kosa la shemeji pekee lilikuwa kwamba mimi nimelipandisha mlima kabla hajaliteremsha.

Nilirudishia jeti na plagi, nikarudi mjini polepole, nikaenda moja kwa moja gereji, nikazitoa zile plagi nikamwekea juu ya meza ya spana. Zile jeti sikuzitaja. Nilitaka kumpa nafasi ya kusema mwenyewe. Katika biashara huwa nampa mtu nafasi hiyo. Ukimwachia mwanya wa kusema kweli, wengi huutumia, kwa sababu uongo una gharama zake.

"Shemeji, gari inavuta vibaya mlimani. Hebu soma hizi."

Alizitazama. Yule mtu aliyenifundisha kusoma plagi, aliyenifundisha nyeupe na nyeusi na chai, alizigeuza moja moja kwenye mwanga, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema:

"Petroli chafu."

"Petroli?"

"Siku hizi wanachanganya na mafuta ya taa. Niachie gari mpaka Jumamosi."

Hapo ndipo iliponichoma. Kupoteza gari kulikuja baadaye na nilikuwa nimeshajiandaa. Lakini kusomewa plagi vibaya, makusudi, na mtu anayejua kwamba najua kuisoma! Alinitazama machoni akingoja niseme kitu. Nikasema, "Sawa, petroli chafu." Nikarudishia plagi zangu nikaondoka na gari.

Ufunguo niliutia kwenye bakuli la sukari, kabatini. Mke wangu nilimwambia tu kwamba gari halitoki mpaka nirudi. Sikumwambia sababu. Ungemwambiaje mwanamke kwamba kaka yake ni mwizi, na ushahidi ni punje mbili za shaba? Nilitaka kwanza niulizeulize, nijue mnunuzi ni nani na bei ni ngapi.

Jumamosi mchana, nikiwa kibandani, shemeji alikuja nyumbani. Alimwambia dada yake nimemtuma ufunguo. Alikunywa chai kwanza. Alipotaka sukari, mke wangu akalileta bakuli, na ufunguo huo hapo ukichungulia. Akampa vyote viwili.

"Ulimpa?" nilimuuliza nilipofika na kukuta doa la oili peke yake uani.

"Si ni kaka yangu? Nimnyime nikimwambiaje?"

Nikalirudisha bakuli la sukari kabatini.

Kituo cha polisi sikwenda. Kitabu cha gari kilikuwa na jina lake. Ningefika pale kama mtu anayelalamika kwamba fulani ameuza mali yake. Nilikwenda kwa mama mkwe, Lugari, na nilikwenda na baba yangu mdogo, yuleyule niliyemfinya mgongoni. Mama mkwe aliita wazee wawili wa ukoo wao. Mke wangu alikaa karibu na mlango. Shemeji alikuja amevaa koti.

"Umeuza gari langu," nilisema. Safari hii sikumsubiri mzee anisemee.

"Sijauza gari. Nimepokea ng'ombe."

"Ng'ombe gani wenye magurudumu?"

Mzee mmoja alicheka, akajikoholesha. Shemeji akaweka mikono magotini.

"Wazee, huyu ana ng'ombe wetu wanne. Miaka tisa. Nimemwuliza? Sijamwuliza. Nimemtengenezea gari miaka miwili, nimemtoza? Sijamtoza. Sasa nimejilipa."

"Ng'ombe wanne hata wawe wa maziwa ni elfu kumi na sita," nikasema. "Wewe umeuza gari kwa laki na ishirini." Nilikuwa nimeshaipata bei. Ilikuwa bei nzuri, mimi mwenyewe nisingepata zaidi, na hilo liliniudhi kipekee.

"Hao ni ng'ombe wa leo," akasema. "Mimi nadai wa wakati ule. Wangekuwa hapa kwa mama tangu siku ile, wangekuwa wamekaa bure? Si wangezaa? Na waliozaliwa si wangezaa? Nimepiga hesabu. Sasa hivi tungekuwa na thelathini."

Thelathini mara elfu nne. Hata kichwa changu kilipiga hesabu kabla sijakiruhusu: laki na ishirini, kamili, hakuna hata senti ya kubaki. Alikuwa ameianza hesabu kutoka kwenye bei ya gari akarudi nyuma mpaka kwa ng'ombe. Mimi ndiye niliyemfundisha kufanya hivyo.

Mtu mwenye akili angesimama akaondoka. Mimi nikaanza kupunguza.

"Mwaka wa njaa, ule wa mahindi ya manjano," nikasema. "Unaniambia hakuna aliyekufa?"

"Hapa Lugari nyasi zilikuwepo."

"Nyasi gani? Mama, si uliuza fahali mwaka ule kwa sababu mbavu zilikuwa zinahesabika?"

Mama mkwe akakiri kwamba aliuza.

"Basi toa wawili. Na ndigana ya kupe? Ng'ombe wako walikuwa wanaogelea josho kila wiki?"

"Kila wiki."

"Josho la hapa lilikuwa limekauka tangu lini? Mzee, sema."

Mzee akasema josho limekauka siku nyingi. Nikaua wengine watatu kwa ndigana. Mmoja nilimfanya tasa. Mmoja nilimuuza kwa ajili ya karo ya dada yake mdogo, kwa sababu pesa zile zilitoka wapi kama si zizini? Shemeji alipigania kila ndama. Alikaribia kuwapa majina, alijua hata rangi zao. "Yule wa madoa hawezi kufa, yule mama yake alikuwa na nguvu," alisema kwa uchungu wa kweli, na mimi nikamwua yule wa madoa kwa kuumwa na nyoka. Wazee walikuwa wamesogeza viti. Baba mdogo alikuwa akipiga paja lake kila mnyama alipoanguka. Tulifika ishirini na wawili. Elfu themanini na nane. Katika laki na ishirini inabaki thelathini na mbili.

"Unanidai," alikiri shemeji, jasho likimtoka. "Thelathini na mbili. Ushaniweza."

Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi.

Mama mkwe alinyoosha leso yake magotini. Alisema polepole, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayefunga duka:

"Basi. Mpeni mtoto wa watu chenji yake. Mahari imekwisha."

Wale wazee walitazamana. Nadhani katika maisha yao hawakuwahi kusikia maneno hayo mawili yamekaa pamoja. Mke wangu aliinuka pale mlangoni akatoka nje, na hakurudi mpaka tulipokuwa tunaondoka.

Nyumbani aliongea mara moja, akinipa mgongo, akimkorogea uji mtoto wa jirani aliyekuwa anaumwa.

"Ulikuwa unapunguza nini pale?"

"Ndama. Kaka yako alitaka kunila mzima."

"Ulikuwa unanipunguza mimi. Wewe na yeye. Yeye ameniuza, wewe umelipa, mkashikana mikono."

Zile thelathini na mbili sikuziona. Shemeji aliongeza ukuta wa gereji kwa matofali, akahamishia picha ndani. Tukikutana njiani tunasalimiana "Habari" bila kutajana, kama wateja. Niliambiwa gari liliunguza gasketi ya kichwa kabla ya mwaka kwisha huko pwani. Sikufurahi vile nilivyotarajia. Mimi siku hizi naendesha pikapu ambayo hewa ya Timboroa inaitesa kama inavyotesa pikapu za watu wengine.

Lakini mama mkwe haji tena. Hajakasirika, mtu akienda Lugari anatuma salamu, anatuma na mahindi. Haji kwa sababu hana la kuulizia mlangoni. Na mke wangu akienda kwao anakaribishwa sebuleni, anawekewa kiti chenye kitambaa, anafunguliwa soda. Alirudi mara ya mwisho akaniambia hivi: alishika mtungi akateke maji kama alivyozoea tangu msichana, na shangazi yake akamnyang'anya akamwambia, "Wacha, mgeni hateki maji." Alisimulia huku akicheka. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Nimemfikiria sana shemeji. Nimepiga hesabu yake mbele na nyuma na sijaona mahali alipokosea, isipokuwa kwenye plagi. Kumsamehe bado sijaweza, na sijui kama nataka. Lakini kuna jambo ninalolihitaji ambalo ni yeye pekee anayeweza kulitoa, na sijui kulidai, mimi niliyedai watu maisha yangu yote. Ningeomba mtu mzima anayejua desturi hizi anishauri nianzie wapi. Na kama wewe mwenyewe unasoma, shemeji, basi zile thelathini na mbili kaa nazo, na gari nalo limeshakwenda. Nirudishie ng'ombe mmoja. Si wa kumleta. Nenda kwa mama, ukae pale wazee wakiwepo na dada yako akiwepo, useme kwa mdomo wako kwamba ulihesabu vibaya, na kwamba bado ninadaiwa huyo mmoja.